Bima ya boti Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo wenye vyombo wanayouliza zaidi Feri pale Mtwara, Mikindani, Mgao, na upande wa Lindi mpaka Kilwa Masoko. Mimi si wakala wa kampuni yoyote. Nina chombo, na nimeshakaa na wenzangu wengi kuwasaidia kusoma mikataba yao na kujaza fomu za madai. Wapo waliolipwa vizuri, wapo wanaolaumu mpaka leo, na mara nyingi tofauti yao haikuwa bahari.

Kukatia boti bima ni lazima au hiari?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliingiza vyombo vya majini na vivuko kwenye bima za lazima, pamoja na masoko ya umma, majengo ya biashara na bidhaa zinazotoka nje. Kwa hiyo lile jibu la vijiweni kwamba bima ya lazima ni ya gari peke yake limepitwa na wakati. Ukipeleka chombo kukaguliwa TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, uliza palepale kinachotakiwa kwa chombo cha ukubwa wako na kazi yako. Boti inayobeba abiria haitazamwi sawa na mtumbwi wa dema.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kuna bima inayolipa watu wengine uliowadhuru, yaani abiria, au mwenye chombo ulichokigonga. Na kuna bima ya chombo chako chenyewe. Mtu anaweza kuwa na karatasi ya kwanza, mkaguzi akaridhika, halafu boti ikizama asipate hata hela ya misumari.

Chombo changu ni cha mbao. Kuna kampuni itakayokikubali?

Ipo, ila jiandae kuzungushwa. Kampuni zinapenda boti ya faiba kwa sababu ina kiwanda, ina mwaka wa kuundwa na ina risiti. Mashua yako imeundwa ufukweni na fundi aliyelipwa kidogo kidogo, na hesabu zote ziko kichwani mwake. Mtu wa bima aliyekaa Dar hana cha kushika.

Mpe cha kushika. Mwombe fundi akuandikie kwa mkono, na asaini, urefu wa chombo, aina ya mbao, mwaka alioshusha majini, na lini kilikalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa za mbao, mara ya mwisho. Mtendaji wa kijiji au mtaa agonge muhuri. Piga picha mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) kwa ndani na ubao wa tezi pale mashine inapokaa. Ukiongeza na cheti cha ukaguzi, mazungumzo yanabadilika. Nimeona mashua ikikataliwa mwezi mmoja, na mwezi uliofuata kampuni ileile ikaikubali baada ya kupelekewa picha na karatasi ya fundi.

Jambo moja wenye vyombo vya mbao walijue mapema: bima ya baharini hailipi uchakavu. Sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906, ambayo mikataba mingi ya huku bado inafuata misingi yake, inataja wazi kwamba kuchakaa kwa kawaida, kuvuja kwa kawaida, na uharibifu wa panya na wadudu havimhusu mtoa bima, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ubao ukiliwa na wadudu wa baharini mpaka ukapasuka, hiyo ni shida yako na fundi. Chombo hichohicho kikipigwa na wimbi juu ya mwamba, hapo ndipo bima inaingia. Na asesa, yaani mkadiria hasara anayetumwa na kampuni, akikuta ubao ulikuwa umeshaoza kabla ya mwamba, mtabishana.

Ngalawa na mitumbwi midogo mmoja mmoja haivutii kampuni, ada yake haitoshi hata nauli ya mkaguzi. Pitieni kwenye BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi) au chama chenu cha ushirika, mwende kama kundi.

Nianzie wapi: kampuni, wakala, dalali au benki?

Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali kazi yake ni kukutafutia wewe, na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Benki nazo siku hizi ni mawakala wa bima, na ukichukua mkopo wa boti mara nyingi wao ndio wanaokupangia.

Kwa boti, mimi naona dalali mwenye uzoefu wa mambo ya bahari ana faida, hasa siku ya madai, kwa sababu anajua nani wa kumpigia simu. Wakala wa mtaani aliyezoea stika za bodaboda ni mtu mzuri, lakini ukimuuliza mkataba unasemaje kuhusu mashine kuanguka majini atakujibu "usijali, kila kitu kipo". Jibu hilo likikufikia, omba uandikiwe. Hataandika.

Yeyote utakayemtumia lazima awe na leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapahapa Mtwara. Kavanoti yako, ile hati fupi ya kuonesha umekata bima, ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA kabla hujatoka dukani kwa wakala. Na ulipe kwa njia inayoacha alama, kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo, siyo mkononi kwa kijana. Kibongo bongo bima bila ada kulipwa haipo. Maneno ya "nitakuwekea, utalipa korosho zikiuzwa" yana maana kwamba miezi hiyo yote hukuwa na bima.

Nitaijuaje kampuni nzuri?

Watu huanza na bei. Bei iangalie mwisho.

Kwanza tafuta waliodai, si waliokata. Mtu aliyekata bima miaka mitano bila kupata hasara atakusifia kampuni yoyote ile, hajawahi kuijaribu. Mtafute aliyezamisha, aliyeibiwa, aliyegongwa. Muulize alitoa taarifa lini, asesa alifika lini, waliomba nini, walilipa kiasi gani ukilinganisha na alichodai. Pale Feri ukikaa asubuhi moja wakati wa kugawana samaki utapata habari zaidi ya kipeperushi chochote.

Pili, uliza madai yanaamuliwa wapi. Kampuni inaweza kuwa na tawi zuri Mtwara mjini lenye kiyoyozi, kumbe tawi kazi yake ni kupokea tu na kila kitu kinapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Siyo kosa. Unachotaka kujua ni nani hasa atakayeshika faili lako, na kama wana mkadiria hasara wanayeweza kumtuma Lindi au Mtwara haraka. Chombo kilichokwama ufukweni hakisubiri wiki mbili. Bamvua, yaani maji makubwa, ikija inakihamisha au kukimaliza.

Tatu, omba mkataba kamili uusome kabla ya kulipa. Kavanoti ya ukurasa mmoja siyo mkataba. Mikataba mingi ya boti inabeba vifungu vilivyotungwa London miaka ya 1980, vipo vya boti ndogo vya mwaka 1985 na vya vyombo vya uvuvi vya 1987, na vimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Tafuta mtu akusomee, hata mwalimu wa sekondari. Sehemu ya kusoma mara mbili ni ile ya mambo yasiyolipwa na ile ya masharti.

Nne, waulize wamewahi kukatia vyombo vya uvuvi au vya abiria vya pwani yetu. Kampuni isiyojua tofauti ya kusi na kaskazi itakupa mkataba ulioandikwa kwa ajili ya boti ya kutembeza watalii, halafu siku ya hasara itagundua kwamba wewe unavua usiku.

Baada ya hayo ndipo ulinganishe bei, na ulinganishe zenye VAT ndani yake.

Bima siyo riba au kamari?

Swali hili linaulizwa sana huku kwetu na lina haki ya kuulizwa. Wasiotaka bima ya kawaida wana njia ya takafuli, ambapo wachangiaji wanaweka fungu la kusaidiana na mwendeshaji analisimamia kwa kufuata sharia. TIRA imeshaiwekea mwongozo, na watoa huduma wenye leseni wapo. Masharti ya chombo, ukaguzi na ushahidi ni yaleyale. Kuhusu hukumu yake, muulize sheikh wako.

Thamani ya boti niandike ipi?

Hapa ndipo watu wanapojiumiza wakidhani wanajiokoa. Tuseme boti na mashine vina thamani ya shilingi milioni 20, wewe ukaandika milioni 10 ili ada ipungue. Mwezi wa saba kusi ikapiga, ukapata hasara ya milioni 4. Kampuni itasema ulikata bima ya nusu, basi nusu nyingine ulijibebea mwenyewe, na itaanzia kwenye milioni 2. Humo bado haijakatwa eksesi, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kila mara ni chako.

Kuandika kubwa kuliko thamani ya kweli nako hakukuletei kitu. Utalipa ada kubwa, na kampuni ikiona umepamba itaanza kukutilia shaka kwa mengine yote. Bima ya baharini imesimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: jambo kubwa ukilificha, mkataba unaweza kufutwa hata kama hasara haihusiani nalo.

Omba mkataba wa thamani iliyokubaliwa. Maana yake mmekaa mkakubaliana tangu mwanzo kwamba chombo hiki ni milioni kadhaa, na kikipotea chote ndicho kiasi kinachozungumzwa, hakuna kubishana tena juu ya bei ya sokoni. Kama hawataki, uliza watatathmini vipi siku ya hasara, na jibu liandikwe.

Mashine inahesabika ndani ya boti?

Kwa wengi wetu mashine ndiyo mali yenyewe. Ganda la boti unaweza kulitengeneza kwa fundi, ila Yamaha ya HP 40 ikienda, kazi imesimama. Kwa hiyo sehemu hii isome kwa utulivu.

Mashine iandikwe peke yake kwenye mkataba: aina, nguvu, namba na thamani. Namba kwa kawaida iko kwenye kibandiko kilichopo kwenye mabano ya kufungia, upande wa kushoto. Ipige picha leo, kabla chumvi haijaila. Nimeona madai yakikwama kwa sababu mwenye mashine alikumbuka rangi yake, mwaka alionunua, hata jina la muuza duka, lakini namba hakuwa nayo na risiti ililowa.

Vile vifungu vya London vya boti ndogo vina sharti kuhusu wizi wa mashine ya nje: italipwa kama ilikuwa imefungwa kwenye chombo kwa kifaa cha kuzuia wizi, mbali na zile skrubu zake za kawaida. Skrubu mbili za kukaza kwa mkono hazitoshi. Unatakiwa kuwa na mnyororo na kufuli, au kile chuma cha kufunika vishikio. Vifungu hivyohivyo havilipi mashine iliyochomoka na kuanguka majini. Na mashine ikiharibika au kupotea, wanaweza kukata mpaka theluthi moja ya gharama kwa sababu ya umri wake, sawa na wanavyofanya kwa matanga na maturubai. Kampuni yako inaweza kuwa na masharti mengine, ndiyo maana nasema soma.

Mwenzetu mmoja wa Mikindani aliibiwa mashine usiku boti ikiwa imetia nanga. Asubuhi alipofika, vijana walishaanza kusafisha, wakataka kutupa mnyororo uliokatwa. Akawazuia. Asesa alipokuja alipiga magoti kwenye tezi, akapapasa matundu ya bolti kwa kidole, akaangalia mbao ilivyochanika, kisha akaomba huo mnyororo. Alitazama ncha zilipokatwa kwa muda mrefu: chuma kilikuwa kinang'aa ndani, kutu nje. Hakuuliza sana baada ya hapo. Mwenzetu alilipwa, imekatwa theluthi na eksesi, lakini alilipwa.

Mwingine, mtaa wa pili, aliipeleka mashine nyumbani kila jioni kwa toroli. Siku moja ikaibiwa nyumbani. Mkataba wake ulisema chombo na vifaa vilivyomo chomboni. Kama unailaza mashine nyumbani au kwenye banda la BMU, mahali hapo patajwe.

Na nyavu?

Mara nyingi hapana, hasa zikiwa majini. Uliza kama wanaziweka kwa nyongeza. Ukikuta kampuni inayolipa jarife lililokatwa na meli usiku, waambie na wenzako.

Mabaharia wangu wamo?

Bima ya chombo haihusu mwili wa mtu. Ukiajiri watu kwa mshahara, unaingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Vijana wanaokwenda kwa mgao wa samaki ndio wanaoachwa nje, na ndio wengi. Zipo bima za ajali za kundi unazoweza kuwakatia, na ada yake si ya kutisha. Majina yaandikwe, na deiwaka anapopanda badala ya mwenzake, mtumie wakala ujumbe wa simu kabla chombo hakijang'oa nanga.

Nahodha ni habari nyingine. Kama mkataba umemtaja nahodha fulani au umetaka awe na sifa fulani, ukimpa usukani shemeji yako kwa siku moja umejiweka nje ya mkataba kwa siku hiyo.

TMA walitangaza upepo mkali, nahodha akatoka. Nitalipwa?

Dhoruba yenyewe inalipwa, ndiyo hatari ya bahari ambayo bima ilibuniwa kwa ajili yake. Kinachoulizwa ni uzembe. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa lina maneno yanayoeleweka: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili, maeneo yakatajwa, Lindi na Mtwara zikiwemo. Kampuni ikilikuta tangazo la siku hiyo, itauliza kwa nini chombo kilikuwa nje, na kama mkataba una sharti la kutii matangazo, mjadala umefungwa.

Mwezi wa tano mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja kuelekea Mafia na pwani ya Lindi, tahadhari ilitoka kabla. Walioburura vyombo juu na kuvifunga walikuwa na la kusema hata vilipoumia. Weka ushahidi wa ulichofanya: picha ya boti imepandishwa, kamba mbili, mashine imetolewa. Ukiweza, piga picha hiyo kila inapotoka tahadhari, haigharimu kitu.

Ikiwa chombo kilishakuwa nje kabla ya tangazo, andika kilitoka saa ngapi na nani shahidi. Daftari la BMU la vyombo vinavyotoka na kurudi, pale linapojazwa vizuri, limeokoa watu. Pale lisipojazwa ni lawama kwetu wenyewe.

Naweza kwenda Mafia, Zanzibar au kuvuka Msumbiji?

Mkataba una mipaka ya bahari. Mwingine unasema maji ya Tanzania, mwingine unataja maili kadhaa kutoka bandari yako, mwingine mchana tu. Wenye ndugu na biashara upande wa Palma wajue kwamba kuvuka ni kutoka nje ya mipaka hiyo, na kwamba vita na ugaidi huwa vinawekwa kando kwenye bima ya kawaida. Tangu mapigano ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 sijaona kampuni inayolichukulia jambo hili kirahisi. Ukitaka kusafiri, omba ruhusa ya maandishi ya safari hiyo na ulipe nyongeza.

Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kuna kanuni zake za uvuvi. Chombo kikikamatwa au kuharibika kikiwa kwenye uvuvi haramu, baruti ndiyo kabisa, usipoteze nauli kwenda kudai.

Chombo kimezama au kimepanda mwamba. Nifanye nini kwanza?

Watu kwanza. Hilo halina mjadala.

Kisha mali. Mkataba unakutaka uokoe kinachookoleka, kana kwamba huna bima, na gharama halali za uokoaji unaweza kuzidai. Kukaa ufukweni ukisubiri asesa huku mawimbi yanapasua boti ni kosa litakalokugharimu. Bahari ikijaa, ivuteni juu. Lipa vijana, waandikie karatasi ya malipo, wasaini.

Mashine iliyozama isiachwe juani ikauke na chumvi. Kwanza picha, ikiwa bado imefungwa na namba yake inaonekana. Halafu ioshwe kwa maji ya bomba, plagi zitolewe, izungushwe mpaka maji yatoke, tia oili kwenye silinda, umwite fundi siku hiyohiyo. Saa chache tu za kuchelewa zinaweza kuifanya mashine ya kutengenezeka kuwa chuma chakavu, na kampuni itasema uliiacha wewe. Fundi akibadilisha kifaa, cha zamani kiweke kwenye mfuko. Usitupe.

Simu kwa kampuni au dalali ipigwe siku hiyohiyo, na ifuatwe na ujumbe wa maandishi, hata WhatsApp, wenye siku, saa, mahali na kilichotokea kwa sentensi nne. Usieleze sababu usiyoijua. Watu wanaandika "nadhani nahodha alisinzia" na sentensi hiyo inawafuata mpaka mwisho.

Polisi, chukua RB. Toa taarifa TASAC na kwa afisa uvuvi. BMU na mtendaji nao waandike barua siku hiyo, siyo mwezi mmoja baadaye ikiwa na tarehe ya kurudisha nyuma. Asesa mzoefu anaitambua barua ya namna hiyo akiwa mlangoni.

Asesa anaangalia nini?

Anataka kujua vitu vitatu: kilichosababisha hasara, kama sababu hiyo imo kwenye mkataba, na hasara ni kiasi gani. Atazungumza na nahodha peke yake, kisha na mabaharia, kisha na wewe. Msipangane maneno. Hadithi tatu zinazofanana neno kwa neno zinatia shaka kuliko hadithi tatu zinazopishana kidogo kuhusu saa.

Analipwa na kampuni, lakini hiyo haimfanyi adui. Mpe kivuli, mpe maji, mwoneshe chombo chote. Ukiwa na makadirio ya mafundi wawili wa hapa, mpe. La sivyo atatumia bei za Dar, ambazo wakati mwingine ni ndogo kwa sababu vifaa kule havisafirishwi. Mwombe jina lake na siku atakayopeleka ripoti.

Madai yanachukua muda gani?

Siku za kungoja zinaanza pale nyaraka zinapokamilika, na hapo ndipo mchezo ulipo. Kuna kampuni moja, sitaitaja, iliniomba cheti cha usajili cha chombo, nikapeleka. Wiki kadhaa baadaye wakaomba leseni ya uvuvi, nikapeleka. Kisha wakarudi kuomba cheti kilekile cha usajili "chenye kusomeka". Kila ombi lilikuja baada ya mimi kupiga simu. Dawa yake ni kuandika barua moja siku ya kwanza: naomba orodha kamili ya nyaraka mnazohitaji. Ukishapeleka zote, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tangu hapo, kuchelewa ni kwao na kunahesabika.

Kawaida wataomba fomu ya madai, kavanoti na risiti ya ada, usajili na cheti cha ukaguzi, leseni, risiti ya mashine, ripoti ya polisi, maelezo ya nahodha, picha na makadirio ya fundi. Viweke vyote kwenye bahasha moja nyumbani, siyo chomboni. Inachekesha mpaka uone mtu ambaye nyaraka zake zimezama pamoja na boti.

Wamekataa, au wanataka kunilipa kidogo. Nifanyeje?

Omba sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu. Kukataa kwa simu hakuhesabiki.

Wakikuletea hati ya kukubali malipo, soma kabla ya kusaini. Mara nyingi inasema malipo haya ni ya mwisho na hutadai tena. Ukisaini ukiwa na haraka ya hela ya mashine, mlango umeufunga mwenyewe. Unaweza kuwaomba walipe kiasi ambacho hakibishaniwi, na mzozo uendelee juu ya kilichobaki. Si wote wanakubali, lakini wapo niliowaona wakikubali.

Andika malalamiko kwa meneja wa kampuni kwanza. Ikishindikana, nenda TIRA Kanda ya Kusini na faili lako zima. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya wateja wa kawaida, na huhitaji wakili kwenda huko. Mahakama iwe ya mwisho, ni ndefu na ina gharama. Katika migogoro niliyoisaidia, barua moja iliyonakiliwa kwa TIRA ilifanya kazi kuliko safari nyingi za kwenda tawini kugombana na binti wa mapokezi ambaye hana uamuzi wowote.

Boti yangu ni ya mkopo. Fidia ananipa nani?

Benki ikiwa imeandikwa kwenye mkataba, inalipwa kwanza deni lake na wewe unapata kinachobaki. Kikundi kilichopata boti ya mkopo kikae na kujua hilo kabla, maana nimeona wanachama wakigombania fidia ambayo haikuwa yao. Hakikisheni pia bima inahuishwa kila mwaka mpaka deni liishe, na nani kati yenu anayefuatilia tarehe.

Mabaki ya chombo ni ya nani, na bima inaendelea baada ya kulipwa?

Ukilipwa kwa hasara ya chombo chote, kampuni ina haki ya mabaki. Wengi hawataki kuhangaika na ganda lililopasuka huko Msimbati, kwa hiyo watakuuliza kama unalitaka, na bei yake wanaikata kwenye malipo yako. Ikiwa mbao na bolti bado zina kazi, kubali, ila mpatane bei kabla ya kusaini.

Mkataba wa chombo kilichopotea unaishia hapo. Boti mpya inahitaji mkataba mpya, na mashine uliyoazima kwa jirani wakati unasubiri haimo. Kama ilikuwa hasara ya sehemu tu, uliza kama kiasi cha bima kimepungua kwa kile walicholipa na ni shilingi ngapi kukirudisha. Mwaka unaofuata ada huenda ikapanda, na hapo unaruhusiwa kuomba bei kwingine. Waambie ukweli kuhusu madai ya nyuma, maana swali hilo lipo kwenye fomu na wanalihakiki.